Mlangoni pa Gereji

Gwamaka aliposema gereji, sisi tulidhani spana.
Hata tangazo tulipolibandika Mwanjelwa, kwenye nguzo ya umeme,
"Jumamosi, gereji usiku kucha, Iyunga, karibu na reli,"
dereva wa Tunduma alifika saa tano na giaboksi kaifunga kwenye khanga,
akauliza fundi yuko wapi.
Tukamwingiza bure. Alicheza mpaka alfajiri,
giaboksi kaiegemeza ukutani kama mtoto aliyelala.

Mimi nilikaa mlangoni. Buku mbili,
au kopo la mkaa, ikiwa ni Julai,
maana Julai baridi ya Mbeya haibishi hodi,
inaingia na viatu.
Daftari ninalo hadi leo:
Ipyana, buku, atamalizia.
Nsajigwa, atamalizia.
Dada wa benki mwenye koti jekundu, amelipa,
amewalipia na wawili asiowajua.
Lusajo, hakulipa, alibeba spika.

Spika tulizishusha shimoni,
lile shimo mafundi wanamosimama
kulitazama lori tumbo.
Nne, za mbao za mlingoti, zimeangalia juu.
Gwamaka alizipiga randa mwenyewe
akifuata michoro kwenye simu iliyopasuka kioo.
Basi besi haikutoka mbele wala nyuma.
Ilianzia kwenye nyayo,
ikapanda magoti, ikakaa chini ya kitovu,
na hapo ikaanza kukuhoji.

"Dabstepu si mbio," alitufundisha.
"Ngoja. Ngoja tena. Kishindo kinakuja,
lakini utamu uko kwenye ule upenyo kabla hakijafika."
Asifiwe, muuza viazi wa Uyole, akasema
mbona hayo anayajua,
ndivyo bei inavyomfanyia kila msimu.

Hapakuwa na maneno ya kuitikia.
Taa moja tu, ya kukagulia injini, kwenye ndoano,
na pumzi za watu zikipanda
kama sufuria thelathini za chai zimefunuliwa kwa pamoja.

Kisha usiku ule wa mwezi wa nane.
Saa nane kasoro. Niko kwenye kigoda, daftari magotini.
Nikahisi pigo moja
lisilo letu.
Lilikuja kati ya la pili na la tatu,
refu, halina haraka,
limetoka mbali kuliko shimo.
Bati likasema neno. Kikombe changu kikasogea vidole viwili.
Nikachungulia ndani: hakuna aliyeshtuka.
Wamefumba macho, wamelipokea
kama walivyoyapokea mengine.

Asubuhi mtaa mzima uko nje na mablanketi.
Tetemeko. Ukuta wa kanisa umepata ufa,
kuku wawili hawajaonekana, watu wote wazima.
"Ni ninyi," mama Mwaisaka akatunyooshea mwiko,
"mmeichokoza ardhi, na ardhi ina wenyewe."
Mwenyekiti akaleta barua yenye mihuri miwili.
Gwamaka aliisoma amesimama, akaikunja mara nne,
akasema kwa sauti ya mtu aliyetunukiwa:
"Wamesema ni sisi."

Sasa mle ndani wanahifadhi mbolea.
Gwamaka yuko Makambako, anachomelea mageti.
Spika mbili Lusajo aliwapa wanakwaya,
na wanakwaya wanalalamika
kwamba besi inawameza wanawake.
Ipyana hajamalizia.
Nikikutana naye sokoni anaangalia nyanya.

Mimi simdai. Hulifungua daftari jioni, mara mojamoja,
mvua inapogonga bati nisijue inahesabu ngapi,
nasoma majina, naruka makopo ya mkaa,
hadi ukurasa wa usiku ule, ambapo chini kabisa,
kwa mwandiko uliopinda kidogo, nimeandika:
saa nane kasoro, mmoja,
hakutaja jina, hakulipa,
aliingia kwa chini.